Ukuta Ulionyimwa Pumzi

Ndugu zangu waumini, na nyinyi mama zetu mlio nyuma ya pazia, leo tuuzungumze ukuta. Ukuta wa chokaa tu, ule ambao kila mmoja wetu ameuegemea tangu utotoni bila kuuliza ulipataje kuwa mgumu.

Palikuwa na mshona kofia mmoja katika mji wa mawe wa pwani, mji wa vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu ili mwenziwe apite. Kofia zake zilikuwa za viua, zile ambazo kijitundu hutobolewa kwa sindano, kikazungushiwa uzi, kisha kikafuata kingine, hata vikatimia maelfu. Kofia moja ilimchukua miezi minne. Hapakuwa na mteja aliyewahi kumharakisha akafaulu.

Mtu huyu alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa ameposwa. Desturi ya mji ule ni kwamba bwana harusi ndiye anayehamia kwa mke, na baba wa binti ndiye anayetoa nyumba, au walau chumba. Chumba hicho sharti kipigwe lipu mpya ya chokaa, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Ukuta mpya ni neno la baba kwa wakwe zake. Huwaambia, bila yeye kufungua kinywa, kwamba mwanawe hakuozwa kwa kuchokwa.

Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa Mfungo Tatu. Lakini bwana harusi alikuwa muuguzi katika hospitali ya bara, na likizo yake ikarudishwa nyuma, ikaangukia Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani, miezi miwili mapema. Basi mwanzoni mwa Shaabani yule baba akaenda kumwita fundi chokaa, mzee ambaye viganja vyake vilikuwa vimepasukapasuka na kuwa vyeupe kwenye mipasuko, kwa sababu ya kazi ya miaka hamsini.

Fundi akaingia chumbani, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole pande zote nne, kisha akauliza:

"Harusi lini?"

"Tarehe kumi Mfungo Mosi, inshallah."

Fundi akahesabu kwa vidole. "Hapana, sheikh wangu. Ungeniambia Mfungo Tatu, ningesema sawa."

"Likizo ya mkwe wangu haimngoji fundi."

"Na chokaa haimwogopi mkwe. Wewe kofia moja, kitu cha kukaa kichwani, unaifanya miezi minne. Mimi ukuta mzima unanipa siku sabini?"

"Kofia naishona peke yangu. Wewe una vibarua wawili."

"Vibarua wanapaka tu," akasema fundi. "Anayeugandisha ukuta si wao."

Hapa tusimame kidogo, ndugu zangu, kwa sababu jambo hili tusipolifuata kwa utaratibu wake, mfano wote utatupita kando. Ni nani basi anayeugandisha ukuta?

Chokaa asili yake ni jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lilijengwa na viumbe hai. Vijidudu vidogo mno vya baharini huchukua kalsiamu iliyomo majini, huiunganisha na kaboni na oksijeni, na kwa mchanganyiko huo hujijengea nyumba. Chembe hizo tatu hushikana kwa mpangilio maalumu, na ugumu wote wa jiwe unatoka katika mpangilio huo. Sasa mwanadamu analichoma jiwe katika tanuu. Moto unaivunja ile mishiko. Kaboni inaondoka pamoja na sehemu kubwa ya oksijeni, zikiwa zimegeuka kuwa hewa ukaa, na jiwe linabaki na umbo lile lile lakini limepoteza karibu nusu ya uzito wake. Ukilimwagia maji, linachemka lenyewe bila moto, linapasuka na kuwa unga. Ndiko tunakokuita kuzima chokaa. Unga huo ukizidi kukorogwa na maji unakuwa uji mzito, na uji huo ndio unaopakwa ukutani.

Watu wengi hudhani kwamba kutoka hapo chokaa inakauka tu, basi. Sivyo. Udongo ndio unaokauka, na ukiulowesha unarudi kuwa tope. Chokaa inafanya jambo jingine kabisa: inairudisha hewa ile iliyopokonywa na moto. Inaivuta kutoka chumbani kidogo kidogo, siku baada ya siku, kuanzia juu kwenda ndani. Chembe zinajipanga upya kama zilivyokuwa baharini, na ukuta unarudi kuwa jiwe. Na hewa hiyo ukaa inayoutakia ukuta heri ni ipi? Ni hii unayoitoa puani wakati huu unaponisikiliza.

Fundi yule hakusoma kemia. Aliyajua haya kwa vidole vyake. Basi alipokubali kazi alimpa baba masharti. Madirisha yaachwe wazi. Ukuta unyunyiziwe maji kidogo asubuhi na jioni, kwa kuwa chokaa iliyokauka mno haiwezi kuivuta hewa. Na juu yake pasipakwe chochote isipokuwa maji mepesi ya chokaa.

"Rangi ya mafuta, usiithubutu," akasema. "Mwaka huu usiithubutu."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Fundi, nimekubali!"

Kazi ikaanza. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Mkono wa mwisho wa mwiko ulipita tarehe ishirini ya Ramadhani. Baba alinyunyiza maji asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, huku akifurahi moyoni, kwa maana alimpenda bintiye, na kila tone aliliona ni dua.

Kisha ikaja Idi, na Idi Pili wanawake wa upande wa bwana harusi wakaja kuonyeshwa nyumba. Hiyo nayo ni desturi. Kiongozi wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi usiopumzika. Akakitazama kitanda, akasifu. Akalitazama kabati la mvule, akasifu. Akaufikia ukuta, akaupitishia kidole. Kidole kikatoka cheupe.

"Ala!" akasema, akiwaonyesha wenziwe. "Jamani, huyu mtoto wetu anaoa au anaajiriwa kinu cha unga?"

Wakacheka. Hata mama wa binti akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu.

"Ni chokaa, dada," akasema baba. "Bado ni mbichi."

"Naona, shemeji, naona. Kwa mwenzio mtaa wa pili, yule aliyeoza mwezi wa Rajabu, ukutani kwake mtu hujitazama akajifunga ushungi. Lakini basi, kila mtu na mkono wake."

Hakuwa na ubaya mwanamke yule. Alisema kama watu wasemavyo, akala halua, akaenda zake. Lakini maneno yake hayakwenda naye. Yalibaki mle chumbani na yule baba, mtu ambaye maishani hakukubali kuharakishwa kwa kofia, na usiku ule hakulala. Aliona siku ya harusi imefika, aliona kanzu za wakwe zimetiwa unga mabegani, aliona watu wakizipangusa bila kusema neno. Je, sisi tungelala?

Asubuhi akamwita mtu wa kupaka rangi. Mikono mitatu ya rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa, kwa siku nne. Fundi chokaa hakuambiwa. Na tarehe kumi, taa zilipowashwa, ukuta ulimeremeta hata watoto wakawa wanasimama mbele yake wakijitolea ndimi. Shangazi akapitisha kidole. Kikatoka kisafi.

"Hapo sasa," akasema, "hapo tumeozana."

Baba akapumua.

Siku ya tano ya fungate mvua ikanyesha mfululizo. Alasiri, somo wa bi harusi, yule mama anayemlea na kumfunda bibi harusi katika siku zile saba, alikuwa ameketi akimpaka hina, aliposikia kitu kama shuka linalochanwa polepole. Akageuka. Ukuta wa upande wa dirisha ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu. Uvimbe ukapasuka, na pande zima la lipu, limeshikana na rangi yake kama nyama na ngozi, likateremka sakafuni.

Hakuumia mtu. Lakini somo alipiga kelele iliyosikika mitaa miwili: "Ukuta unavua nguo! Jamani, ukuta unavua nguo!"

Kesho yake mji mzima ulikuwa na maneno hayo. Na yule baba, alipoulizwa barazani baada ya swala, alijibu nini? Sikilizeni, ndugu zangu, kwa maana hapa ndipo jambo linapokuwa kubwa kuliko ukuta. Alijibu: "Fundi kaniaibisha. Chokaa yake haikuiva."

Maneno machache tu. Kufikia Ijumaa, familia mbili zilizokuwa zimempa kazi yule mzee zilikuwa zimemtumia salamu kwamba wamepata mtu mwingine. Miaka hamsini ya jina jema, na jina hilo sasa lilikuwa likining'inia katika kinywa cha mtu mmoja aliyejua ukweli wote na hakusema.

Siku ya nane, fungate ilipokwisha na bi harusi akatoka kuketi na wageni, fundi alikuja. Hakuja na ugomvi. Aliomba auone ukuta wake. Wakaingia naye chumbani bwana harusi, shangazi, somo, bi harusi mwenyewe na baba.

Mzee akaegemeza kidole gumba mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Kidole kikazama, kama kwenye kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini.

"Mzee wangu," akasema bwana harusi kwa heshima, "labda mchanga ulikuwa na chumvi?"

"Labda, mwanangu. Labda mchanga. Labda sikuichoma vizuri. Labda nimezeeka." Akajifuta kidole. "Iko njia ya kujua. Katika chumba hiki pana mahali popote pasipopakwa rangi?"

Waliokuwamo hawakujua, isipokuwa mmoja. Siku ile yule mpakaji rangi alipofika penye kabati la mvule alisema haliwezi kusogezwa na mtu mmoja, na baba akamwambia apite kando kando tu, nani ataona. Nyuma ya kabati lile palibaki wazi upana wa mlango mmoja, na katika siku zote za harusi hakuna kitu alichokiogopa yule baba kama mtu kuchungulia pale.

Sasa angeweza kusema, "Hapana, pote pamepakwa." Neno moja. Fundi angeaga, angekwenda, na kesi ingekwisha, na jina la mzee yule lingezikwa likiwa hai. Baba alifungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama binti yake, naye binti alikuwa akimtazama fundi kwa huruma, huruma ambayo haikuwa stahili yake fundi kuihitaji.

"Nyuma ya kabati," akasema. "Lisogezeni."

Wakalisukuma. Pakatokea ukuta usio na uzuri wowote: rangi ya majivu, utando wa buibui pembeni, mikwaruzo ya mwiko ikionekana.

"Loo!" akasema shangazi. "Kumbe mlibakisha!"

Fundi akaomba ndimu. Somo akamletea moja, imekatwa. Mzee akaokota kwanza bonge la lipu iliyoanguka, akalikamulia ndimu upande wa ndani. Bonge likalowa. Halikufanya kitu.

Akaenda penye ukuta wa nyuma ya kabati. Akakwaruza kwa ukucha, ukucha ukalia kama kwenye jiwe. Akakamua ndimu. Na pale, mbele ya macho yao, ukuta ukachemka. Povu dogo jeupe lilitoka likiteremka, na kwa kuwa wote walikuwa wamenyamaza, walisikia sauti yake, nyembamba, kama mafuta yanapopokea kitunguu.

"Mnasikia?" akasema fundi. "Hiyo ni hewa inatoka. Na haiwezi kutoka kama haikuwahi kuingia. Hapa imeingia, hapa pamekuwa jiwe. Kule kwenye bonge haikuingia. Chokaa ilizimwa katika shimo moja, ndoo ni moja, mkono ni huu huu."

Kisha akanyamaza. Hakuuliza nani alipaka. Hakumtazama baba. Angalieni adabu ya mzee yule: alilifungua jambo mpaka mwisho, kisha akamwachia mwenyewe aingie kwa miguu yake.

Shangazi hakuwa na adabu hiyo. "Sasa nani aliiziba?"

"Mimi," akasema baba. "Fundi alinikataza. Alinikataza mara mbili na nikamwitikia. Nikapaka kwa sababu ya aibu, kisha lipu ikaanguka, nikamtupia yeye lawama kwa sababu ya aibu ile ile."

Shangazi akakitazama kidole chake kana kwamba ndiyo kwanza akione.

"Astaghfirullah," akasema. "Kwa kidole changu hiki?"

"Kwa kichwa changu hiki," akajibu baba.

Alasiri ile ile yule baba alisimama barazani, mbele ya watu wale wale, akayarudia maneno hayo kama alivyoyasema chumbani, bila kupunguza hata moja. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, na alikuta bwana harusi amevua kanzu, anabandua rangi kwa kisu cha jikoni, huku fundi ameketi kwenye kiti akimwelekeza.

"Sasa itachukua muda gani, mzee?" akauliza kijana.

"Miezi. Fungueni madirisha, nyunyizeni maji, na waiteni watu. Waje wakae humu humu wazungumze, wacheke. Kila anayepumua chumbani ananisaidia kazi."

Bi harusi akasema kutoka mlangoni, kwa upole wake wote: "Basi shangazi na aje kila siku. Yeye pumzi anazo."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Na alikuja, wallahi, alikuja kila siku, na kahawa yake, akaegemea ukuta uliokwaruzika, akatoka na unga mgongoni, wala hakuupangusa.

Sasa tujirudie sisi.

Najua tayari wapo waliokwisha kutunga funzo vichwani mwao. Wanasema: mfano huu ni wa wanafiki, nje wanang'aa, ndani ni laini. Na kila mmoja amekwisha kumpata mtu wa kumvisha. Hapana, ndugu yangu, mshushe huyo uliyempandisha. Ukuta ule haukuwa mnafiki. Chokaa ilikuwa nzuri. Fundi alikuwa hodari. Hata baba alisukumwa na mapenzi. Hakuna kitu kibaya kilichotiwa katika ukuta ule. Ulifungwa tu kabla haujamaliza, na kitu kizuri kilichofungwa kabla hakijamaliza hubaki kilivyo. Kingekaa hapo miaka kumi, laini, kikiitwa ukuta.

Na sisi ndivyo tunavyofanya. Watu wawili wamegombana, wamepatanishwa jana, na leo tunawataka wapige picha wamekumbatiana. Wakiulizwa wanasema yamekwisha, na kwa kusema hivyo hakuna tena anayeweza kuwasaidia yaishe. Kijana ameacha ulevi juma la tatu, tunampandisha jukwaani atoe nasaha. Mwanafunzi amesoma juzuu tano akavishwa joho, na tangu siku hiyo anaona haya kuuliza herufi. Wanandoa wapya wanasitiri kila kitu, hata kile ambacho neno moja la mama lingekitengeneza. Hawa wote si waongo. Walikuwa njiani kuwa jiwe. Ni sisi, kwa kidole chetu kimoja na kicheko kimoja, tuliowafanya waone aibu kuwa wabichi.

Na mbona tunaona aibu? Mola aliyepanga chembe za ukuta hakuuweka ugumu wake ndani yake peke yake. Aliuweka nusu ndani yake, nusu katika hewa inayotoka kwa wengine. Mwenye kujifungia ana nusu yake tu, hata kama anameremeta. Ile nyingine iko kwa mwalimu anayekukosoa, kwa mke anayesema hapana, kwa rafiki anayekuuliza swali usilolipenda, kwa jirani mwenye maneno mengi ambaye huja kila siku.

Basi nakuomba jambo moja, na ni la leo, usilipeleke kesho. Ukifika nyumbani, mtafute yule mmoja anayekujua vizuri, umwulize: "Ni wapi ambapo mimi bado ni mbichi?" Akianza kujibu, utajisikia kumkatiza. Utajisikia kueleza, kutetea, kutabasamu ili amalize upesi. Usifanye hivyo. Kaa kimya, umwache aseme mpaka mwisho.